Unga wa Shangazi Zangu

Kwetu Uvira mtu akimaliza masomo humwagiwa poda kichwani. Jamaa wanamngoja nje, na akitoka na habari njema wanammwagia ile poda ya watoto wachanga mpaka yanabaki macho tu, halafu wanatembea naye barabarani wakiimba. Baba yangu alinunua poda yangu mapema mno. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza chuo, sijafanya hata mtihani mmoja, naye akarudi kutoka soko la Sange na kopo jipya, akaliweka juu ya kabati.

"Weye unanunua nguo za mtoto na mimba haijaonekana," mama alimwambia.

"Minye nimeiona," baba alijibu; minye kwetu ndiyo mimi. "Iko na kichwa kizuri."

Baba alilima mpunga na hakumaliza shule ya msingi. Kila nilipotoka chuoni, Uvira mjini, kuja likizo nyumbani Sange, aliniuliza swali moja tu: bado miaka mingapi?

Nilikuwa nimebakiza kuandika kazi ya mwisho na kuitetea mbele ya walimu, vita vilipofika kwenye bonde la Ruzizi. Tulikimbia kwa miguu mpaka Uvira, tukapanda boti, tukashuka Tanzania. Madaftari yangu yalibaki nyumbani. Mama alibeba sufuria moja, na ndani ya sufuria, kopo la poda.

Katika kambi ya wakimbizi jirani yetu alijifungua, na mtoto akatokwa na vipele vya joto mwili mzima. Baba ndiye aliyelifungua lile kopo. Nadhani aliona nilivyotazama, kwa sababu alisema, "Ngozi ya mtoto haiwezi kungoja diplome." Mtoto alipona, poda ikaisha. Baadaye baba alishikwa na homa, akafa. Tulimzika kulekule. Sitaandika mengi juu ya hilo. Kaburi lake liko mbali, na sijui kama kuna mtu analing'olea majani.

Tuliporudi Sange, mama alitia chumvi ndani ya kopo. Mimi nilichukua jembe la baba. Nilizoea. Vita vingine vilikuja, tukawa tunakimbilia Luvungi na kurudi, tukikuta mpunga umeliwa na ndege au na watu. Chuo nilikuwa nimekiweka pamoja na vitu vilivyobaki njiani. Siku moja tukipepeta mchele, mama akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Utarudi lini kumaliza?"

"Mama, nimezeeka."

"Sikuuliza miaka yako. Nimeuliza utarudi lini."

Nilirudi. Chuoni walinikubali, kwa sharti la kurudia mwaka wa mwisho wote, nami nikapata chumba mtaa wa Songo, palepale Uvira. Wanafunzi wenzangu wangeweza kuwa wadogo zangu wa mwisho. Waliniita Maman na kuniachia kiti cha mbele kama kanisani. Kulikuwa na kijana mmoja mtundu aliyekaa nyuma yangu. Wiki ya kwanza aliniuliza:

"Maman, wakati wa Nuhu mlikuwa mnaandika kwa bic ama kwa mkaa?"

"Kwa mkaa," nikamwambia. "Bic zote zilizama."

Darasa zima lilicheka, nami nikacheka mpaka nikaona aibu, maana sikuwa nimecheka hivyo tangu kambini. Ule ulikuwa mwaka mzuri. Mara nyingine tulisikia risasi milimani, mwalimu akanyamaza na chaki mkononi, akasikiliza, akasema, "Iko mbali," akaendelea. Nilipenda hata harufu ya ile chaki.

Kazi yangu ilihusu mavuno ya mpunga kwenye bonde letu, mwaka kwa mwaka. Niliwauliza wakulima, nikaandika walichoniambia. Lakini kwa miaka ya vita ukurasa ulibaki mtupu. Wengi tulikuwa tumekimbia, na waliobaki hawakukumbuka kuvuna, walikumbuka kujificha.

"Weka hata kidogo, Maman," yule mtundu alinishauri. "Nani atajua?"

"Minye nitajua."

"Basi watakuangusha na ukweli wako."

Nilijua inawezekana. Ningeanguka, singekuwa na nguvu ya kurudi mara ya pili. Hata hivyo nilipeleka ukurasa vilevile ulivyokuwa.

Siku ya kutetea kazi, mama alikuja kutoka Sange pamoja na shangazi zangu watatu, dada za baba. Poda haikupatikana sokoni siku zile, kwa hiyo walileta unga wa muhogo, mweupe, waliousaga wenyewe. Kila shangazi alikuwa na kifuko chake. Mama alikuwa na kopo la baba, ameliosha chumvi, amelijaza unga.

Ndani, walimu watatu waliniuliza mengi na nikajibu. Kisha mkubwa wao akafungua ukurasa ule.

"Mama, na miaka hii?"

"Sijui, mwalimu. Hatukuwapo."

"Haukukadiria?"

"Hapana. Ningekuwa ninadanganya."

Aliniomba nitoke, wazungumze wenyewe, ndipo waniite kunipa jibu. Hivyo ndivyo inavyofanyika. Lakini shangazi zangu hawakuwahi kuona defanse, yaani mtu akitetea kazi yake. Waliona mlango umefunguka, waliona nimetoka. Kabla sijafungua kinywa, unga wa kwanza ukanipata usoni.

"Bado!" nilisema. "Shangazi, bado!"

"Bado nini?" mkubwa wao alijibu, akitoa kifuko. "Ule wangu ndio bado!"

Wakapiga vigelegele, wakaanza kuimba. Mlango ukafunguliwa, nikaitwa. Nikaingia nikiacha nyayo nyeupe sakafuni. Joto lilikuwa kali, na unga ulipokutana na jasho shingoni nilisikia unaanza kuwa bugali. Walimu walinitazama.

"Mama," mkubwa wao akasema, "nani alikuambia umepita?"

"Hakuna mtu, mwalimu. Ni shangazi zangu."

Mmoja alifunika uso kwa karatasi, mabega yakimtetemeka. Mkubwa alijikaza, akasoma uamuzi. Nilikuwa nimepita. Kuhusu ule ukurasa, akaniomba niandike chini yake kwa nini ni mtupu, basi. Niliandika baadaye: "Sijui kilichovunwa miaka hii. Tulikuwa tumekimbia."

Nilipotoka mara ya pili, shangazi zangu walikuwa wamenyamaza. Yule kijana mtundu alikuwa amewaeleza kosa lao. Vifuko vyao vilikuwa vitupu, nao wakanitazama kama watoto waliovunja sahani.

"Nimepita," nikasema.

Mama ndiye peke yake aliyekuwa bado na unga. Alikuwa amesimama pembeni wakati wote, kopo mkononi, akingoja.

"Hii familia yenu," aliwaambia mawifi zake, "hakuna mtu anajua kungoja. Kaka yenu mwenyewe angekuwa hapa, angekuwa wa kwanza kumwaga."

Shangazi mkubwa akacheka, akijifuta macho kwa kitenge. Nikapiga magoti ili mama anifikie vizuri. Alimwaga polepole mpaka kopo likaisha, akaligonga kwenye kiganja kutoa unga uliobaki, akanipaka huo kwenye paji la uso. Kisha tukaingia barabarani, wao wanaimba, minye mweupe.