Kope za Mzee Wafula

Siku ya kwanza kazini nilifika nimevaa koti jeupe nililoshonewa Korea, stashahada yangu nimeikumbatia ndani ya fremu ya kioo. Kliniki ilikuwa juu ya duka la mbao, kando ya Barabara ya Jogoo, na mlinzi alidhani nimekuja kuuza picha. Nilimwambia aisome. Miaka hiyo ya tisini sikujua mtu mwingine Eastlands nzima, mitaa yote ile ya mashariki ya jiji, aliyekuwa na karatasi kama ile, na sioni aibu kulisema. Mimi ni mtoto wa Makongeni, baba yangu alikuwa mpishi wa reli, na karo nilijilipia mwenyewe kwa kupiga deki hospitali ileile niliyosomea.

Nilisomea kope, yaani ngozi inayofunika jicho. Wako watu, hasa wa Mashariki ya Mbali, ambao kope yao ya juu haina mkunjo, na wengine hutamani kuwa nao. Mimi nilifundishwa kuutengeneza bila kisu. Unatia dawa ya ganzi, unageuza kope, unapitisha uzi mwembamba wa nailoni kutoka upande wa ndani, unashikiza ngozi kwenye msuli unaoinua kope, kisha fundo unalizika. Mgonjwa akifumbua macho, mkunjo unajichora wenyewe.

Kazi hiyo inamfaa kijana mwenye ngozi nyembamba, mafuta haba na msuli wenye nguvu. Mwenye ngozi iliyolegea, kope nzito au msuli uliochoka haimfai. Uzi hauondoi ngozi iliyozidi wala hauamshi msuli uliolala.

Walioifuata kwangu walikuwa wachache, wengi wao wake wa mafundi wa kigeni wa viwandani. Siku nyingine nilitoa chembe za chuma kwenye macho ya vibarua wa Industrial Area, na hata kwa hilo hakuna aliyenifikia. Mwenye kliniki, ambaye sote tulimwita Daktari Mkuu, alikuwa tabibu wa magonjwa ya kawaida. Alinitazama nikishona mara chache, akasema ni kama kurudisha kifungo cha shati.

Ndipo akaja Mzee Wafula. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia za garimoshi, na kope zake zilikuwa zimeshuka hadi nusu ya mboni.

"Wewe si ule mtoto wa Mpishi?" aliniuliza.

"Ndiye mimi, mzee. Siku hizi ni daktari wa macho."

"Basi nisaidie, kijana yangu. Watu wanapunguzwa kazini. Msimamizi akinipita anasema, 'Wafula, lala salama.' Na mimi niko macho! Nikifutwa, ile nyumba inachukuliwa. Nitapeleka wapi mama na watoto?"

Nyumba za Makongeni zilikuwa za wafanyakazi wa reli. Kazi ikiisha, unakabidhi ufunguo.

Nilishika kope yake, nikaivuta, nikamwambia atazame juu. Ngozi ilibaki mkononi kama kitambaa, na msuli haukuinuka. Nilimweleza kwamba anahitaji kukatwa ngozi iliyozidi na kukazwa msuli katika hospitali kubwa, kisha apumzike nyumbani.

"Nikienda na bandeji watajua," alisema. "Nasikia wewe unashona bila kukata."

"Nashona, lakini si macho kama haya."

Daktari Mkuu alikuwa mlangoni, anasikia yote. "Bwana Korea," akasema, "umevuka bahari kusomea uzi, sasa uzi unakutisha?"

"Uzi haunitishi, Daktari. Huyu hafai."

"Hafai, hafai! Mzee, ingia kwangu."

Nilimwambia Mzee Wafula mbele yake kwamba hilo ni kosa. Mzee alinitazama, akainua kope kwa vidole ili anione vizuri, kisha akaingia, na Daktari Mkuu akamshona mwenyewe.

Siku za kwanza kope zilivimba, kwa hiyo zikaonekana kama zimeinuka, na Daktari Mkuu alitembea kliniki nzima akipiga mluzi. Uvimbe uliposhuka, kope nazo zikashuka. Mbaya zaidi, uzi wa jicho la kulia ulitokeza upande wa ndani, na kila alipopepesa ulikwaruza kioo cha jicho. Mzee hakumwambia mtu. Kazini alisema ni moshi. Nyumbani, kama walivyozoea kwao magharibi mwa nchi, mkaza mwana aliyekuwa akinyonyesha alimkamulia maziwa jichoni.

Mkewe alipomleta kwangu kwa nguvu, kioo cha jicho kilikuwa na kidonda cheupe. Niliutoa uzi mwenyewe, nikatibu kidonda, na jicho halikung'olewa. Daktari gani mwingine mtaani angeliweza hilo? Lakini kovu lilibaki katikati ya mboni. Daktari wa reli alipowapima macho wafanyakazi, Mzee Wafula hakuona kwa jicho hilo hata herufi kubwa ya juu.

Walipokuwa wakipakia vyombo kwenye mkokoteni nilikwenda kuwaaga. Mkewe alikuwa amebeba sufuria kichwani.

"Daktari, asante kwa jicho," alisema. "Ukikutana na yule mwenzako, mwambie tumeshaondoka."

Niliacha kliniki ile mwezi huohuo. Nilifanya kazi hospitali ya misheni, nikawa msimamizi wa idara, kisha nikafungua chumba changu cha matibabu mtaa wa Lucky Summer, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka nikastaafu. Nimeshona kope nyingi, na waliofaa bado wananishukuru.

Siku hizi vijana waliohitimu huja kuniuliza siri ya kazi. Nawaonyesha namna ya kuvuta ngozi na kupima msuli. Kisha nawaambia wamuulize mgonjwa anakaa nyumba ya nani. Wanacheka, wanasema hilo halimo vitabuni. Nawaambia wamuulize hivyo hivyo, kwa sababu mtu anayelala nyumba ya mwajiri hatakuambia kwamba jicho linamuuma.