Mwanafunzi wa Dirishani

"Hivi jirani, unasoma kilimo au unalinda dirisha la watu?"

Aliyeuliza ni muuza mayai, jirani wa chini, na aliuliza huku amekumbatia trei mbili za mayai kama mtu aliyebeba mapacha. Aliyeulizwa alikuwa amesimama nje ya ghala la ushirika, mikono juu ya kizingiti cha dirisha, miguu juu ya tofali ili auone ubao. Hakugeuka. Alijibu kwamba anafanya vyote viwili, ila kulinda hakumlipi, labda kusoma kutamlipa. Muuza mayai akacheka mpaka mayai yakagongana, na kabla jua halijafika utosini jina lilikuwa limeshafika kisimani: Mwanafunzi wa Dirishani.

Mwingine angejifungia ndani kwa aibu. Yeye alilipokea jina lile kama anavyopokea mvua, kwamba limekuja lenyewe na haliwezi kurudishwa juu. Alisema afadhali kuitwa mwanafunzi ukiwa na mvi kuliko kuitwa mjinga ukiwa na meno yote.

Shule alikuwa amesoma mpaka darasa la saba. Alishika nafasi ya tatu kati ya watoto arobaini na wanane, na masomo yakaishia hapo, maana nyumbani kulikuwa na wadogo watano na jiko moja. Akaolewa na mwanamume mpole aliyekuwa akiimba anapopalilia, na kwa kuwa hakujua nyimbo nyingi, mahindi yao yalikua yakisikia wimbo mmoja tu. Mungu aliwapa miaka kumi na minne pamoja, akawapa na binti mmoja, kisha akamwita yule mume kwa homa ya siku tisa. Huo ulikuwa mwaka wa kumi na moja tangu mjane ashike jembe peke yake, kwenye ekari moja na nusu iliyolala mteremkoni. Binti alikuwa shule ya bweni, na nyumbani alibaki yeye na mama mkwe, mwenye macho hafifu lakini masikio ya kusikia mchwa wakitafuna.

Shamba lile lilikuwa na tatizo moja. Lilikuwa linahama. Kila mvua kubwa udongo ulishuka, ukapita chini ya ua, ukaenda kulala kwa muuza mayai. Muuza mayai naye alikuwa akipaza sauti kutoka bondeni, kwamba shamba limekuja kunitembelea tena jirani, nilikaribishe chai? Walicheka hivyo miaka mingi. Lakini mwaka ule, akilima upande wa juu, mjane alisikia jembe likilia. Akasogea hatua mbili, likalia tena. Akainama, akafuta udongo kwa kiganja, akauona mwamba umeanza kuchungulia. Siku hiyo hakucheka na mtu.

Na kama hilo halikutosha, alikuja shemeji. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, fundi redio sokoni, mtu wa kucha safi na kalamu mfukoni. Karatasi za shamba zilikuwa na jina lake tangu baba yao alipofariki. Alikula, akashukuru, akajifuta mdomo, kisha akasema kwamba msimu huu shamba lisipotoa cha maana atawakodisha wafyatua matofali, wameshaulizia mara mbili. Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema leo kuna upepo. Mjane alijua maana yake. Mfyatua matofali akiingia shambani haondoki na mavuno, anaondoka na shamba lenyewe.

Ndipo likatoka tangazo la mafunzo kwa wakulima wadogo, wiki tatu katika ghala la ushirika, na wiki mbili za mwisho zingehusu kuzuia udongo kwenye miteremko. Mjane aliposikia neno miteremko aliona Mungu amemtajia jina. Akaenda kujiandikisha. Karani akapekua orodha, akamwambia kaya yake imeshaandikwa, mtu mmoja kwa kila kaya, naye ni mwenye kaya, yaani fundi redio.

Mjane akauliza mwenye kaya ipi, maana yule anaishi sokoni na kwake huja kula tu. Karani akasema anaelewa, lakini fomu haina mahali pa kuandika hivyo.

"Na dirisha, nalo lina fomu?" aliuliza mjane.

Karani akafikiri. Akasema dirisha ni la ushirika, na mama ni mwanachama wa ushirika, kwa hiyo hakuna wa kumzuia kusimama. Akamtafutia na tofali.

Darasa lilianza saa mbili asubuhi. Saa mbili mjane alikuwa bado chini ya ng'ombe. Amalize kukama, ateke maji, ampikie mama mkwe uji, aupoze, ndipo aondoke mbio, akifika ni saa nne kasoro. Yaliyofundishwa kabla aliyaona ubaoni kama hayajafutwa, na yaliyofutwa alimwuliza karani. Aliandika katika kurasa zilizobaki kwenye daftari la zamani la bintiye. Ndani, kwenye kiti cha mbele kabisa, alikaa shemeji, amekunja mikono, kichwa kimeinama kama mtu anayesali. Mungu anajua kama alikuwa anasali. Mjane alimsikia akikoroma.

Mwalimu alikuwa mtaalamu wa kilimo, binti wa miaka ishirini na kitu, mwenye buti za mpira na sauti iliyozoea upepo. Kila asubuhi alihesabu vichwa na kusikitika kwamba wanawake ni wawili tu, pengine hawana mwamko. Mjane aliyasikia hayo kutoka dirishani, akayameza. Alikuja kujifunza kuhusu udongo, na udongo ulikuwa haujaisha kufundishwa.

Wiki ya tatu mwalimu alileta fremu. Ilikuwa miti mitatu tu, miwili imeungana juu na kutanuka chini kama miguu ya mtu aliyesimama imara, wa tatu umelazwa katikati, na kutoka juu ukaning'inia uzi wenye jiwe. Kwa kifaa hicho, alisema, mtu anaweza kupima mstari usiopanda wala kushuka hata kwenye mteremko mkali, akachimba mtaro, na maji yakatulia humo badala ya kukimbia na udongo. Alijaribu kuonyesha pale pale, lakini sakafu ya saruji ilikuwa ikiteleza. Akatoka nayo uani, akawaita wote wamfuate. Bahati mbaya, au bahati njema, chai ilikuwa imeingia dakika ile. Nusu ya darasa ilibaki na vikombe. Fundi redio aliamka kwa harufu, akabaki na chai.

Mwalimu akatazama huku na huku, akamwona aliyesimama karibu zaidi.

"Mama wa dirishani, hebu nishikie mguu huu."

Mjane akashuka kwenye tofali, akashika. Mwalimu akaeleza kwamba unasimamisha fremu, unaangalia uzi umegusa wapi mti wa katikati, unatia alama. Kisha unaigeuza, mguu wa kulia uende ulipokuwa wa kushoto, na wa kushoto uende ulipokuwa wa kulia, unatia alama ya pili. Alama ya kweli ni katikati ya hizo mbili, kwa sababu hakuna miti miwili iliyolingana duniani. Na ukianza kupima shamba, mguu wa nyuma ndio uzunguke uwe wa mbele, kama mtu anayetembea.

"Fremu usiiamini kabla hujaigeuza," alisema, na mjane akarudia maneno hayo kimoyomoyo kama aya.

Wiki ikaisha, vyeti vikatolewa. Jumamosi shemeji alifika shambani na fremu yake mwenyewe, imepigwa msasa na kupakwa rangi ya buluu, nzuri kuliko ya mwalimu. Lakini alama hakuitafuta. Fundi hodari wa kunakili, alikuwa amepima kwa uzi palipokuwa na alama kwenye fremu ya mwalimu, akaihamishia kwenye miti yake. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa atapita kukagua mashamba ya wenye vyeti, na shemeji hakutaka kuaibika. Akaanza kupima, mguu ule ule mbele kila hatua, akipiga vigingi, na mjane akawa anaiona safu inainama taratibu kuelekea bondeni.

Alimwambia mara moja, kwa upole, kwamba shemeji hukuigeuza.

"Shemeji," alijibu yule bila kuacha kupiga kigingi, "mimi nina cheti. Wewe una dirisha."

Mama mkwe aliyekuwa mlangoni akichambua maharage akacheka mpaka akamwaga ungo. Fundi redio alipiga safu nne, akaagiza mitaro iwe imechimbwa ifikapo Alhamisi, akaenda zake sokoni.

Jumapili alfajiri mjane alisali kabla ya kukama. Hakuomba shemeji aaibishwe, maana maombi ya namna hiyo huwa yanarudi na kumgonga aliyeyatuma. Aliomba jicho lake lisikosee uzi. Jumatatu akaingia shambani, akang'oa vigingi vya safu tatu, akavirundika vizuri pembeni. Safu ya juu kabisa hakuigusa. Akakata miti mitatu ya uani, iliyopinda kidogo na yenye magome yake, akafunga kwa kamba ya kufungia ndama, akaning'iniza jiwe. Akatia alama, akageuza, akatia ya pili, akakunja kamba kupata katikati. Kisha akaanza kutembea na fremu yake ya magome, mguu wa nyuma ukizunguka kuwa wa mbele, kigingi baada ya kigingi. Mama mkwe akasikia vigingi vikigongwa upya, akauliza kutoka mlangoni kama ameamua kupigana na ukoo mzima.

"Na maji tu, mama," alijibu.

Muuza mayai naye akapanda kuja kuona. Akauliza kama jirani amechoka kukaa kwa amani. Mjane hakubishana. Alimshika mkono, akampeleka mpaka mwisho wa ile safu ya juu aliyoiacha, akamwambia asimame hapo atazame chini. Muuza mayai akatazama. Chini yake moja kwa moja palikuwa na banda lake la kuku, kuku themanini wa mayai, na bati jipya. Mjane akamweleza kwamba safu zote nne za shemeji zilikuwa zinaishia upande huo. Mvua ya kwanza tu, maji ya ekari nzima yangekusanyika hapo na kushuka kwa pamoja.

Muuza mayai akageuka pale pale. Akashuka. Aliporudi alikuwa na jembe begani na sketi ameikunja kiunoni. Walichimba siku tatu, wanawake wawili, na mtaro wa juu wakauchimba vile vile alivyoupima shemeji, bila kuunyoosha hata kidogo.

Ijumaa mwalimu alifika na buti zake, fundi redio mbele yake akimwonyesha njia. Wenye vyeti wengine walifuata, na karani, na mama mkwe kwa fimbo yake. Fundi redio alipoona rundo la vigingi vyake alisimama. Akasema mbele ya watu kwamba huyu mwanamke haambiliki, kwamba amevuruga kazi ya mtu aliyesoma, na kwamba sasa mwalimu anaona mwenyewe kwa nini wafyatua matofali wana haki.

Mjane alikuwa na madumu mawili ya maji. Hakuinua sauti.

"Huo wa juu ni wako, shemeji, nimeuchimba kama ulivyoupima. Hii mitatu ni yangu. Tusibishane. Maji hayana cheti wala dirisha, wacha yaseme yenyewe."

Akamimina dumu la kwanza katikati ya mtaro wa juu. Maji hayakusita hata kidogo. Yaligeukia upande mmoja, yakakimbia mtaro mzima yakibeba udongo mwekundu, yakatokea mwishoni na kuanza kuteremka. Muuza mayai, aliyekuwa amesimama bandani kwake kwa makusudi, akayapokea kwa miguu na kuyasalimia kwa jina la fundi redio. Watu wakacheka.

Mjane akashuka kwenye mtaro wake, akamimina dumu la pili. Maji yakaenda kulia kidogo, yakaenda kushoto kidogo, yakatulia. Yakakaa pale mtaroni kama ng'ombe waliofika zizini, kisha polepole udongo ukayanywa.

Mwalimu alichutama akayatazama muda mrefu. Akaomba kuiona fremu iliyopima, akaletewa ile miti yenye magome. Aliuliza nani alimfundisha.

"Wewe," alisema mjane. "Ulinishikisha mguu, wenzangu wanakunywa chai."

Fundi redio alianza kueleza habari ya rangi ya buluu na unyevu wa mbao. Mama mkwe akamkatiza kwa kugonga fimbo chini. Alisema yeye macho hayaoni lakini maji ameyasikia, ya kwanza yalikimbia na ya pili yalinyamaza, na mwanawe tangu utoto hata mstari wa daftari ulimshinda. Akasema shamba hili lililimwa na mwanawe mkubwa na sasa linalimwa na mkwewe, na anayetaka matofali akayafyatulie sokoni, ilimradi yeye bado anapumua. Fundi redio alitazama kucha zake. Aliokota fremu yake ya buluu, akakaa nayo juu ya jiwe, na baada ya muda akaonekana akiigeuza, kulia kushoto, kushoto kulia, akitia alama kwa kalamu ya mfukoni.

Mwalimu akafungua daftari lake. Akasema ataandika taarifa, na atamwombea mama cheti kwa njia ya pekee, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Akauliza kama kuna jingine angependa liandikwe, akidhani labda ataomba mbegu au jembe jipya. Mjane akanawa mikono kwa maji yaliyobaki kwenye dumu, akajifuta kwenye nguo, akasubiri mpaka mwalimu aweke kalamu tayari.

"Mwanangu, naomba darasa lijalo lifanyike hapa mteremkoni. Lianze saa nne, tukishamaliza kukama na kuteka maji. Na kwenye orodha yenu, mahali pa jina la mwenye kaya, andikeni jina la anayelima."