Kwa Mama Bili Kumekuwa Kweusi

Kristofa alianza kutembeza wageni katika msitu wa Amani ndevu zake zikiwa bado nyeusi. Kiingereza chake chote alifundishwa na Bwana Fredi, Mwingereza mtafiti wa vyura, ambaye walikula naye ugali sahani moja miaka na miaka. Mawingu yakitanda, Fredi husema kwa Kiingereza cha kwao: "Kwa mama Bili kumekuwa kweusi." Maana yake, mvua inakuja. Bili ni nani? Kristofa hakuuliza. Aliona haya kuchimba habari za mama wa mtu.

Neno likamkolea. Wageni akawaambia hilo hilo, na nyumbani mkewe Devota akilisikia tu, mbio kuanua nguo.

Sasa siku moja Badru, kijana wanayefanya naye kazi, akamvuta kando. "Mzee wangu, usinune. Nimewauliza wageni wa London, hakuna anayelijua neno lako. Yule Mzungu alikuwa anakufanya bwege."

Weee! Heri angemzaba kibao. Fredi mwenyewe alikwisha kufa huko kwao, utamuuliza nani? Yeye Kristofa kusema Kiingereza kibovu, hewala, si lugha ya mama yake. Lakini rafiki wa sahani moja, kumbe alikuwa akimcheka? Hilo ndilo lililomuuma Kristofa. Akalimeza neno lile, na nguo za Devota zikawa zinalowa kambani.

"Baba Leticia, mama Bili kahama siku hizi?" Devota akamtania. Mumewe akageuka upande wa pili.

Masika yakaingia, na pamoja nayo akaja mgeni, bibi wa Kiingereza aitwaye Dorini, na mkongojo wake. Walipofika kilimani Kristofa aliona mawingu, akanyamaza. Dorini naye akatazama juu, akasema kwa lafudhi ile ile ya Fredi: "Kwa mama Bili kumekuwa kweusi."

Kristofa nusura ajikwae. "Umesemaje, mama?"

"Aa, maneno ya mkoani kwetu tu. Bibi yangu akiyasema kila siku. London hawayajui."

"Na huyo Bili ni nani?"

"Hakuna ajuaye! Wengine husema ni yule Kaiza, mfalme wa Wajerumani, maana Waingereza walimbandika jina la Bili."

"Kaiza! Basi huyo mwenyeji wetu," akasema Kristofa, maana kituo cha utafiti cha Amani walikianzisha Wajerumani. Wakacheka mpaka machozi, ingawa ya Kristofa hayakuwa ya kicheko peke yake. Fredi hakumcheka hata siku moja. Alimpa maneno ya nyumbani kwao, yale mtu anayosema na ndugu zake.

Badru, aliyekuwa nyuma yao, akakuna kichwa. "Nisamehe, mzee wangu."

"Yamekwisha. Vaa koti lako, utalowa."

Jioni ile, hata kijito cha karibu na kwake hajakivuka, Kristofa akapaza sauti: "Mama Leticia! Kwa mama Bili kumekuwa kweusi!"

Devota akatoka mbio kuanua nguo, matone ya kwanza yakimpiga usoni, huku anacheka. "Kumbe hakuhama!"