Mume wangu aliacha kula akawa anakunywa maziwa ya unga apunguze kitambi, kijiji kizima kikampigia makofi

Wakuu, hodi humu ndani.

Marahaba kwa wote mtakaoniamkia, maana najua wengi wenu ni umri wa wajukuu zangu. Niko huku Kilwa, simu naiweza, macho yanasaidiwa na miwani.

Wiki nzima nasoma nyuzi zenu za gym. Huyu anasema shake mbili kwa siku na chakula mara moja, yule anasema bila samaki na mayai unajidanganya. Mnatukanana mpaka mods wanaingilia.

Mimi nina la kusema kuhusu unga wa kopo na kitambi. Anayetaka niape asijisumbue. Aliyezikwa ni mume wangu, sina sababu ya kumtungia hadithi.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, si mbali na barabara ya Nangurukuru. Mikorosho yetu tuliiacha nyuma, mwendo wa nusu siku kwa miguu, tukapangiwa viwanja kwa mistari kama madawati ya shule.

Mume wangu Seifu alikuwa fundi cherehani. Mmatumbi, mcheshi, na mnene. Siyo unene wa kuuficha kwa shati. Ukoo wao wote ndivyo ulivyo, mama mkwe wangu mlango alikuwa anaupita kwa ubavu. Na fundi cherehani kazi yake ni kukaa.

Mimi ni mzaliwa wa kisiwa cha Songo Mnara. Nimekulia pweza na samaki, na jikoni sijambo, nisijisifu sana. Tulikuwa na binti mmoja, Zainabu.

Sasa vijana, hili lazima niwaeleze au hamtaelewa kitu. Siku zile kitambi kilikuwa siasa. Mnyonyaji kila alipochorwa alichorwa na tumbo. Kupe ana tumbo, bwanyenye ana tumbo, mwenye mirija ana tumbo. Mtu akikuona mnene anajiuliza umekula jasho la nani. Leo mnatafuta six pack ya kupigia picha, sisi ukiwa na kitambi unatafutiwa kosa.

Siku ya mkutano wa kijiji, Mwenyekiti akawasema wavivu wa shamba la pamoja. Halafu akamtazama Seifu.

"Ndugu zangu, tumehamia hapa na kuku wetu na mbuzi wetu. Wengine naona wamehama na kupe."

Watu wakacheka. Seifu naye akacheka, ndivyo alivyokuwa. Tulipofika nyumbani hakugusa chakula.

Basi kupe ikawa jina lake. Watoto wakipita dirishani kwake wanaliimba. Mtu analeta suruali kushonewa, anasema "kupe, hii naitaka kesho." Na shamba la pamoja alikuwa analima kama wao, tena jua likimtesa kuliko wao. Iliniuma sana. Inaniuma mpaka leo ninapoandika.

Mdogo wake alikuwa baharia, akawa anamletea maziwa ya unga ya kopo. Kuna mtu akamwambia maziwa yana nguvu zote za chakula, ukiyanywa peke yake mwili unapungua na nguvu zinabaki. Hiyo ndiyo shake yenu wakuu, mmeikuta.

Akaanza. Asubuhi kikombe, mchana kikombe, usiku kikombe. Ugali anausukuma kando.

Tukagombana. Na mjue huku kwetu mume akikonda anayesemwa ni mke. Kisimani nilishaanza kusikia kwamba yule wa kisiwani hampikii mumewe.

"Mama Zainabu, unataka niitwe kupe mpaka kaburini?"

"Mimi nataka ule, Baba Zainabu. Kupungua utapungua huku unakula."

Mwisho tukapatana. Alfajiri kabla ya shamba anywe maziwa yake. Mchana ale chakula cha kweli: muhogo au ugali kidogo, kunde, kisamvu, na pweza mkavu ambaye mama yangu alikuwa ananitumia kutoka kisiwani. Usiku chakula chepesi.

Na ilifanya kazi, wakuu. Hapa ndipo nyinyi wa pande zote mbili mna haki. Maziwa yalimshikilia asubuhi, chakula kikambeba siku nzima. Kitambi kikawa kinashuka polepole, anapalilia bila kuhema, usiku analala bila kukoroma. Akapunguza kiuno cha suruali yake kwa mkono wake huku anacheka. Laiti tungeishia hapo.

Tatizo, kupungua polepole mkutanoni hakuonekani. Mkutano uliofuata akaitwa kupe tena, mbele ya watu wote.

Akaacha chakula cha mchana. Akaacha na cha usiku. Yakabaki maziwa matupu.

Akaanza kukonda mbio mbio. Uso ukaingia ndani. Suruali akaipunguza, akaipunguza tena, mpaka kitambaa alichokata kikamtosha Zainabu sketi. Kijijini furaha tupu. Mwanamume anamkamata mkono njiani: "Sasa umekuwa mwenzetu!"

Mimi nyumbani naona mengine. Mtungi wa maji anaumaliza peke yake. Usiku haishi kutoka nje. Pale anapokwenda haja ndogo, nyuma ya nyumba, sisimizi wakawa wanajaa. Nikajua ni maziwa, maana alikuwa anasuuzia kikombe hukohuko.

Nikamlilia mpaka akakubali kula. Tukawa tunafunga mlango, asije mtu akamkuta na sahani. Alikula, jamani. Alikula chakula cha watu watatu, na bado mwili unakwisha. Naona anakula, nafurahi. Nikimtazama mifupa ya shingo, naogopa. Na hofu yenyewe sikuwa na wa kumwambia, kwa kuwa nje kila mtu alikuwa anampongeza.

Wakaja wageni wa wilaya kutoka Kilwa Masoko. Mwenyekiti akamsimamisha Seifu mbele.

"Mtazameni ndugu Seifu. Alikuja hapa kupe, leo ni mjamaa. Kijiji kimemrekebisha!"

Makofi. Vigelegele. Seifu amesimama, mkono mmoja ameshika suruali isimvuke, anatabasamu. Tangu tuhamie sikuwa nimemwona na furaha vile. Ndiyo maana sikuweza kumchukia Mwenyekiti siku ile.

Haikuchukua muda akaanguka shambani. Wenzake wakasema ni jua na njaa, wakamkorogea maziwa yake, wakatia sukari nyingi apate nguvu. Walifanya kwa nia njema kabisa, nashuhudia.

Trekta la kijiji likatufikisha Nangurukuru, pale tukapata lori la kutupeleka hospitali. Njia nzima nimempakata kichwa na yeye anaomba maji tu. Pumzi yake ilikuwa inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akampima, akaniambia ni ugonjwa wa sukari, na umekwenda mbali. Nikamuuliza kama ni maziwa ndiyo yaliyomfikisha pale. Akasema hapana, ugonjwa huwa unakuja na sababu zake, na kukonda kule, kiu ile, hata sisimizi wale kwenye mkojo, ndizo zilikuwa dalili.

"Mama, mtu kakonda namna hii. Hamkuona huko kijijini?"

"Waliona, daktari. Walimpigia makofi."

Seifu alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo nyinyi wa gym, mkinitaka ushauri, ni huu. Unga wa kopo ni msaidizi wa chakula, usiupe kiti cha chakula. Samaki, kunde na mboga vipo, kuleni. Punguza taratibu, hata kama taratibu haipati likes. Na ukiona mtu kapungua ghafla, usianze na hongera. Muulize kwanza anajisikiaje, analalaje, kiu vipi, kisha mpeleke akapime sukari.

Lakini sikuja humu kwa ajili ya ushauri peke yake.

Siku tulipozika, mimi niko ndani, nimeshaanza eda, pazia limeshushwa. Nje nikamsikia Mwenyekiti anazungumza na waombolezaji. Akasema Seifu alikuja kupe na amekufa mjamaa wa kweli, na wengine waige mfano wake. Watu wakaitikia.

Mjane wa siku ya kwanza hatoki nje kujibizana na wanaume. Nikauma kanga. Eda ikaisha, watu wakawa wameshasahau, na kila nilipotaka kuanza naambiwa yaliyopita si ndwele. Mwenyekiti naye ametangulia mbele za haki, Mungu amrehemu.

Jibu langu nimebaki nalo miaka yote hii, nalitoa leo kwenu nyinyi nisiowajua.

Mume wangu hakuwa kupe. Alikuwa mtu mnene, halafu akawa mgonjwa.

Kama humu yupo aliyewahi kuitwa jina kwa ajili ya mwili wake mpaka akaacha kula, aandike hapa chini. Mwenye kubisha pia aandike. Nasoma polepole, lakini nitazisoma zote.