Jina la Mudathiru Juu ya Tarumbeta

Mudathiru aliuonea muziki wivu jinsi wanaume wengine wanavyowaonea wake zao, wala hakuona haya kulisema hilo. Tangu mwaka 1995 alikuwa akinakili kaseti kibandani kwake karibu na soko la Kamembe, na kila wimbo uliochezwa harusini au baa, kutoka mjini hadi Nyakabuye, ulikuwa umepita kwanza mikononi mwake. Ili watu wasisahau, aliingiza sauti yake katikati ya kila wimbo: "Mudathiru, Kamembe!" Wateja walinung'unika, lakini walirudi.

Mwaka 2000, asubuhi moja, alikuja Shema, mwalimu wa Mibirizi aliyekulia Bukavu na kurudi Rwanda baada ya vita.

"Papa Mudathiru, unisaidie. Minataka kopi tatu za hii kaseti. Grand frère, kaka yangu mkubwa, alirekodi bale bantu ba muziki mu concert ndogo kule Liège, Ubelgiji. Habajatoa disque hata moja. Iko hii tu."

"Iko ndombolo?"

"Hapana, iko hip hop. Lakini haina makelele. Usikilize tu, nitarudia saa kumi."

Hip hop Mudathiru aliijua: minyororo ya dhahabu na matusi. Aliiuza bila kuisikiliza. Akaitumbukiza kaseti ile kwenye mdomo wa kulia wa redio yake ya kaseti mbili, unaotoa sauti nzuri zaidi, ambao pia ndio unaorekodi.

Besi kubwa la nyuzi likaanza kutembea polepole. Ngoma ilipigwa kwa brashi. Ikaja sauti ya kijana, lakini hakuimba. Alisema tu, kwa Kifaransa cha taratibu, habari za nyumba ambayo funguo zake alikuwa nazo mfukoni ingawa mlango haukuwepo tena. Kisha akanyamaza, na tarumbeta ikaingia peke yake. Mudathiru akakaa kitako. Miaka mitano ya kuuza nyimbo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba muziki unaweza kufikiri.

Akairudisha ile tarumbeta mara sita, na kila mara roho ilimuuma zaidi. Kwa nini hazina hii imwendee Shema, mtu asiyejua kutofautisha tarumbeta na saksafoni? Masikio ya Kamembe ni nani? Akawaona walimu wa Mibirizi wamekaa sebuleni kwa Shema, wanatikisa vichwa na kuuita muziki wao, na yeye hata hawamtaji. Haya, wasikilize, lakini wajue umepitia kwa nani! Na jina angeliweka palepale kwenye tarumbeta, ambapo kila mmoja angetega sikio.

Kwa kawaida alinakili kwanza kaseti ya mteja, akaweka jina kwenye nakala yake, ndipo akazitoa nyingine kutoka kwenye hiyo. Siku hiyo wivu ulimtangulia. Akashika kipaza sauti, akabonyeza kitufe chekundu, akatamka jina lake kwa madaha, akaongeza na salamu kwa wapenzi wa muziki wote wa mkoa wa Cyangugu. Alipogeuka kuchukua kaseti tupu, alizikuta zote tatu bado ziko kwenye nailoni zake.

Alirudisha nyuma, akasikiliza. Besi, kijana, kimya, halafu Mudathiru wa Kamembe. Tarumbeta haikuwepo.

Shema aliporudi, Mudathiru hakutafuta uongo. Aliicheza sehemu ile na kuinamisha kichwa. Mwalimu aliiacha kaseti icheze mpaka upande ukaisha.

"Miye nilisikia ile tarumbeta mara moja tu," akasema hatimaye. "Weye?"

"Mara sita."

"Basi, uniimbie."

Mudathiru akafumba macho, akaivumisha kwa midomo iliyobanwa, noti kwa noti, akipumua pale mpulizaji alipopumua.

"Njo vile?" Shema akauliza.

"Njo vile, Mwalimu."

Shema akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshaanza kusahau, angeamini lolote. Sasa, katika Kamembe nzima, tarumbeta ile ilikuwa na mwenyewe mmoja tu, na Mudathiru akatamani atokee mtu yeyote, hata adui, amwambie kwamba amekosea hata noti moja.