Nilimchagulia Shoga Yangu Kuwa Mfalme

Mwenye ukurasa, nisitiri jina. Nina miaka hamsini na mbili, mke wa mtu, mama wa watoto watatu, na nimezaliwa na kuolewa humu humu Mji wa Kale, Mombasa. Ninayoyasema yalianza miaka ya tisini, lakini yamenifika juzi tu.

Nilikuwa na shoga yangu, nimwite Zuhura. Nyumba zetu zilitazamana, na mtaa mzima hakuna aliyejua kuigiza kama yeye. Akimwiga babu yake akitafuta miwani aliyoivaa mwenyewe, tulicheka mpaka tukashika mbavu, kisha tukanyamaza ghafla, maana tulikuwa tumemwona babu kweli, na uzee wake.

Dada yangu alipoolewa, nilikuwa nimetoka kidato cha nne, kichwa kimejaa tamthilia ya Mwingereza wa kale tuliyosomeshwa: mfalme mzee anawagawia binti zake watatu ufalme, na wale wawili waliomsifu kwa uongo wanamtupa nje kwenye mvua. Nikaifasiri kwa Kiswahili daftarini ili tuicheze kwenye ngoma ya wanawake. Siku hiyo kwetu mlango hufungwa, mwanamume haingii, na wanawake huvua mabuibui wakacheza hata nafasi za wanaume.

Wote walitaka Zuhura awe yule binti mdogo, mkweli, mzuri wa sura. Alikuwa ameposwa, na mamake alitaka mawifi wamwone amependeza. Mimi nilikataa katakata.

"Binti yule hana maneno," nilimwambia. "Wewe kupewa maneno machache ni israfu. Wewe ndiwe mfalme."

"Na ndevu je?"

"Ndevu niachie mimi. Pamba ipo."

Akaja na kanzu ya babu yake, kilemba na mkongojo. Kwenye onyesho la mvua nilimtaka akivue kilemba akitupe, nywele zimwagike, awalilie wanawe. Alisita, nikamshurutisha. Siku yenyewe wanawake wazima walilia, hata hao mawifi. Mamangu, aliyekaa mkeka wa mbele, alifuta machozi kwa leso.

Mwanamke mwenzetu alirekodi sherehe yote kwa video, na kanda nikapewa mimi niiweke. Niliandika juu yake, "Asipewe mtu," nikaifungia kabatini.

Wiki mbili baadaye nakala yake ilikutwa barazani kwa kina mchumba wa Zuhura, imefungwa kwa gazeti. Wanaume wa nyumba ile wakaitazama: ndevu, kanzu, nywele wazi. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, posa ilivunjwa.

Nilikwenda kabatini, kanda haimo. Mamangu aliitafuta pamoja nami. Alipindua magodoro, akamlaani mwizi, mwisho akanishikia Msahafu niape mbele ya Zuhura. Nikaapa.

Zuhura alinitazama akauliza, "Ufunguo u na nani?"

Ufunguo ulikuwa umening'inia shingoni mwangu.

Mwaka haujaisha, yule mchumba akaleta posa kwetu. Sitawadanganya, nilikubali, na moyo wangu ulifurahi. Mamangu alisema, "Riziki haivutwi kwa kamba, mwanangu." Mtaa nao ukajijibia wenyewe kwa nini kanda ilitoka. Zuhura alihamia kwa shangazi yake Likoni na hajaolewa mpaka leo. Tukikutana Feri aligeuza uso.

Mwezi uliopita mamangu alifariki. Siku ya tatu ya tanga Zuhura aliingia, akaketi kando yangu, akanishika mkono. "Siku tulizobakisha ni ngapi, shoga? Yale nishakusamehe."

Nililia. Nilitaka kusema sikufanya, lakini nilikuwa na kiu ya mkono ule miaka mingi mno, nikaupokea msamaha usio wangu.

Wiki iliyofuata tulifungua sanduku la mama, mimi na mamangu mdogo. Chini kabisa, ndani ya leso aliyoolewa nayo, kulikuwa na kanda yenye mwandiko wangu. Mamangu mdogo akaketi kitandani.

"Mamako alikuwa na ufunguo wa pili," alisema. "Alinituma Mwembe Tayari kwa fundi wa kanda atoe nakala, kisha nikaitue pale barazani. Nilipoirudisha hii yako kesho yake, wewe ushaanza kuitafuta, ndipo akaificha. Tangu zamani mamako alitaka kijana yule akuoe wewe. Akaniapisha nisiseme maadamu yu hai."

"Na ule Msahafu? Alinishikia kwa mikono yake mwenyewe."

Akaikunja ile leso, akairudisha sandukuni.

Mamangu alinisaliti. Nimeliandika hilo hapa kwa sababu mdomoni halijatoka. Alinisikia nikiitwa mwizi wa mchumba miaka yote hii, akanipikia uji wa uzazi, akanilelea wanangu, na hakutamka neno. Mimi niliyejidai najua kumchagulia kila mtu nafasi yake, mwigizaji aliyetushinda sote alikuwa mkeka wa mbele akifuta machozi, nisimwone.

Mamangu mdogo ananisihi ninyamaze. Maiti husitiriwa, asema, na mume wangu akijua alivyopatikana, nyumba itakalika? Lakini haki ya mja haisamehewi ila na mja mwenyewe. Mamangu yuko kaburini na kosa lake kwa Zuhura, na msamaha wa kosa hilo nimeukalia mimi. Nikinyamaza, namwacha mama hivyo alivyo. Nikisema, namvua sitara kama yeye alivyomvua Zuhura.

Zuhura amenialika kwake Ijumaa hii, tule pamoja kama zamani. Amesema atapika mkate wa sinia, anajua naupenda. Kanda imo mkobani mwangu tangu jana. Mara naitoa, mara nairudisha. Enyi mnaonisoma, hasa mliokwisha kuwazika mama zenu, niambieni kweli bila kunionea haya: niende nayo, au niiache?