Fundi na Madaftari Kumi na Manne

Basi lilimshusha msafiri katika mji asioujua, mkononi kashika begi lililofumuka hadi soksi zinachungulia. Muuza magazeti akamwonyesha mlango wa bluu. "Nenda kwa Fundi. Ila leo jihadhari, kachafukwa."

Kweli alikuwa amechafukwa. Fundi, mama wa miaka hamsini na mbili, futi shingoni, alikuwa amesimama kati ya cherehani yake na wakala wa safari ambaye mtaa mzima ulimwita Njia Fupi.

"Shangazi, weka saini tu," Njia Fupi alibembeleza. "Unaingia ng'ambo kama mtalii. Ukishafika, mambo yatajipa."

"Mtalii! Mimi naenda kuishi na kushona mpaka macho yanitoke, wewe unaniandika naenda kupiga picha sanamu? Na viza ikiisha nijifiche wapi, uvunguni?"

Bintiye, muuguzi huko ng'ambo, alikuwa na wazo jingine. Mama aende kama mtegemezi wake.

"Nimekubeba mgongoni huku nakanyaga cherehani," Fundi akamjibu kwenye simu. "Leo mimi ndiye mtegemezi?"

"Mama jamani, ni neno la fomu tu!"

"Basi nitaisoma hiyo fomu."

Msafiri alikuja kushonewa begi, akaishia kupanga chumba cha juu, maana aliijua lugha ya makaratasi yale. "Nisomee kama yalivyo," Fundi alimwonya. "Usinipunguzie, usiniongezee." Kila alasiri alimsomea. Fundi akazikata kurasa kwa mkasi, akazipanga juu ya meza ya kukatia kama vipande vya gauni: watalii huku, wategemezi kule, wafanyakazi wenye ujuzi katikati. Mtalii haruhusiwi kufanya kazi, wala kubadilisha viza akiwa kulekule. Kibali cha mtegemezi kinaning'inia kwenye kibali cha binti. Cha binti kikifutwa, na cha mama kimekwisha. Mfanyakazi mwenye ujuzi, akikaa miaka mitano, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa jina lake mwenyewe. Na karakana moja ya magauni ya harusi huko ilikwisha kumwandikia barua ya kazi.

"Hapa ndipo pangu," akasema Fundi, akachoma pini.

Kilibaki kikwazo kimoja: ushahidi wa miaka kumi ya kazi. Aliyemfundisha alimfundisha kwa kumchapa vidole na rula, akafariki bila kumwandikia cheti. Njia Fupi akachangamka. "Cheti nitakuletea kesho, na muhuri wake."

"Yaani nikadanganye kuhusu kitu pekee ninachokijua kweli? Mlango ule pale."

Siku ya kupeleka maombi, karani wa viza, kijana wa miwani, alinyoosha mkono. "Cheti?"

"Sina." Fundi akatua madaftari kumi na manne kauntani, puu! Ndani mlikuwa na vipimo vya wateja wake wote, tarehe, na kipande cha kila kitambaa kimebanwa kwa pini.

"Mama, haya hayamo kwenye orodha."

"Ukurasa wa tisa wa maelekezo yenu, mstari wa mwisho: 'au kumbukumbu nyingine zilizoandikwa wakati kazi inafanyika.' Soma, mwanangu."

Karani akasoma. Kisha akafungua madaftari. Kulikuwa na mtoto aliyepimwa sare kila Januari, urefu ukipanda mwaka hadi mwaka, mpaka daftari la kumi na mbili, penye kipande cha lesi nyeupe.

"Kaolewa huyu?"

"Kaolewa, na gauni halikumbana. Wewe bega lako la kushoto limeshuka. Aliyekushonea koti hilo hakukupima."

Karani akacheka, akajishika bega, akayapokea yote.

Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu. Fundi alimwita Njia Fupi mbele ya majirani, akamfungulia pasipoti. "Soma, tena kwa sauti."

"Mfanyakazi mwenye ujuzi," Njia Fupi akanong'ona.

"Hawakusikia kule nyuma."

Asubuhi ya safari alibeba nguo chache na daftari la kumi na tano, jeupe bado. Teksi ikapiga honi. Akamkabidhi msafiri ufunguo wa mlango wa bluu.

"Wakiniulizia, usiwaambie nimemfuata mwanangu," alisema, mguu mmoja tayari garini. "Waambie Fundi kaenda kazini."